Vigumba na Hodi ya Tatu

Jiwe likigongwa na jiwe hutoa harufu. Wengi hawajui, maana wengi hawana sababu ya kunusa mawe, lakini mimi naijua tangu nina miaka tisa: harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na nyuma yake kidogo kama nywele zilizoungua. Majira ya baridi yaliyopita jirani yangu hapa Ansab, Omani, alikuwa akikata kilima apate pa kuweka magari yake, na mashine ilipoanza kupasua jabali, harufu ile ikaingia jikoni kwangu dirishani. Nilikuwa nachambua mchele. Niliweka sinia chini, nikakaa kitako, nikarudi kwenye jambo lililopita zaidi ya miaka thelathini.

Basi nikwambieni ninyi, maana yule niliyepaswa kumwambia nimeshamwambia na hakuniamini.

Siku hizo tulikuwa tukikaa mjini, Ruwi, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu Nasri aliyekuwa na miaka mitano, na Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Unguja na sanduku moja na desturi nyingi. Ansab wakati huo haikuwa na majumba kama sasa. Ami Khalfan, kaka yake Baba, alikuwa na azba yake huko nyuma ya vilima, yaani zizi la uwandani, mabati na waya, ngamia watatu na mbuzi wengi aliowapenda kuliko alivyotupenda sisi, wala hakuficha. Kila Ijumaa baada ya sala na chakula tulipakiana kwenye pikapu pamoja na mikeka, chupa za chai na mandazi ya Mama, tukaenda kukaa huko mpaka karibu na magharibi. Watoto wengine walipelekwa pwani. Sisi tulipelekwa kutazama mbuzi.

Ardhi ilikuwa changarawe tupu, kahawia inayoelekea weusi, na migunga michache iliyopinda. Mbele ya azba ilipita wadi, mto mkavu wa mchanga na mawe ya mviringo, mpana kama uwanja wa mpira. Ng'ambo ya wadi kulikuwa na mteremko, na juu ya mteremko marundo ya mawe yaliyopangwa kwa mikono ya watu, saba au nane, mengine yamebomoka. Ami akiulizwa husema ni ya watu wa kale, basi, na mazungumzo yakarudi kwenye mbuzi. Mbuzi wenyewe hawakuwa wakivuka kwenda upande ule, ingawa majani ya huko yalikuwa mazuri zaidi. Ami alisema wameshiba. Mimi mbuzi nimewajua tangu utoto wangu, na sijapata kumwona aliyeshiba.

Bibi alikuwa na desturi iliyotutia haya. Gari likisimama, kabla hajateremsha mguu, hupiga hodi. Hampigii Ami, anaipigia ardhi. “Hodi,” kisha kimya kidogo. “Hodi,” kimya tena. “Hodi.” Halafu hushuka akaburura kanga zake mpaka mkekani, kama mtu aliyekaribishwa vizuri.

“Mama, hapa pana mbuzi tu,” Ami humwambia.

“Wewe n'nakujua hukuingia adabu, na alokuwa akikufunza ndo mie,” Bibi humjibu. “Pahala hapakosi mwenyewe.”

Kanuni ya hodi tuliijua kabla ya kujua kusoma. Unapiga mara tatu. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka, hata kama unawaona watu ndani kwa macho yako. Siku moja nilimuuliza Bibi, mbona hapa hakuna anayeitikia na yeye anashuka? Aliendelea kuvuta tasbihi yake, kisha akasema, “Hujasikia, basi. Mie nshaitikiwa.”

Kigumba cha kwanza nilikiona siku iliyofuata mvua ndogo. Kigumba, kwa mliozaliwa zama za simu, ni kile kichwa cha mshale, sehemu inayochoma. Hiki kilikuwa cha jiwe, kirefu kama kidole changu cha shahada, kimechongwa kotekote vipande vidogo vidogo kama magamba ya samaki, na makali yake yalinikata. Kilikuwa kimelala chini ya marundo yale, kikavu, na changarawe yote pembeni yake ikiwa bado mbichi. Upepo ulikuwa wa baridi na mawe yote ya baridi, lakini nilipokifumbata nilikikuta na joto, kama kitu ambacho mtu amekiweka chini sasa hivi.

Nilikitia mfukoni. Ijumaa iliyofuata nikapata viwili. Bibi alikiona kimoja mkononi mwangu, na hakunigombeza. “Rejesha,” alisema. “Vina wenyewe hivyo.” Nikarejesha, mpaka alipogeuka. Nilitafuta kopo la maziwa ya unga, nikalitandika pamba ndani, nikalificha kwenye mkoba wangu wa skuli niliojidai nauchukua ili nisome. Baridi ilipokaribia kwisha nilikuwa navyo kumi na saba. Vyeupe, vyeusi, vya rangi ya asali. Usiku nikilala niliweza kuvitaja kimoja kimoja kama majina ya ndugu zangu.

Na kila kimoja, nakwambieni, nilikikuta kimenielekezea ncha. Nikipanda kutoka chini, kimeelekea chini. Nikizunguka nikatokea juu, kimeelekea juu. Mtoto mwenye akili angeacha. Mimi nilikuwa na tamaa, na nilidhani ninakaribishwa.

Nasri alikuwa na bahati kuliko mimi, na hilo lilinikera. Alivikuta bila kuvitafuta, kwa vile macho yake yalikuwa karibu na ardhi. Alikuwa akienda huku na huko penye marundo, akisema peke yake kwa sauti ya chini, akinyamaza kama anayesikiliza, akisema tena. Nikimuuliza anasema na nani, alijibu, “Nacheza.” Siku moja alikuja na kigumba kidogo kuliko vyote, chembamba, chekundu cha rangi ya ini, chenye viguu viwili nyuma. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Nikamwambia anipe. Akasema hapana, Bibi kasema vina wenyewe. Akaenda mbio kukirejesha, na hakutaka kunionyesha alikoweka. Mtoto wa miaka mitano ananifunza adabu mimi!

Ijumaa iliyofuata nilikwenda na nia moja, kukipata. Kwetu jua lilikuwa likiwaka, lakini milima ya nyuma ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi. Mtu yeyote aliyekulia Omani anajua maana yake, kwamba wadi hushuka kwako kwa mvua iliyonyesha kwa watu wengine. Baba na Ami walikuwa wamelala usingizi wa baada ya wali. Mama na Bibi walikuwa mkekani, kwenye kivuli cha mabati ambako wadi haionekani. Nilichukua mkoba wangu nikavuka, na Nasri akanifuata, kama alivyonifuata kila mahali.

Tulipofika katikati ya wadi nikamsimamisha juu ya jiwe bapa.

“Simama hapa upige hodi,” nilimwambia. “Ukiambiwa karibu, njoo. Hujaambiwa, usende popote.”

“Bibi anasema mtu asipoitikiwa anarudi,” alisema.

“Hiyo ni ya mjini. Ya huku ni kungoja. Ukiondoka kabla, mwenyewe atakuja kukuchukua.”

Aliniangalia, akaamini. Nilikuwa dada yake, asiamini kwa nini? Nilipokuwa napanda mteremko nilimsikia nyuma yangu, sauti ndogo, yenye adabu: hodi. Akangoja. Hodi.

Kigumba chekundu nilikipata upesi, kati ya mawe mawili ya rundo la juu kabisa, kimenielekea usoni. Nilikitia koponi, na kwa kuwa sikutaka Nasri aone nilivyofurahi, nikazunguka nyuma ya kilima, nikavukia chini zaidi ambako wadi ni nyembamba, nikarudi azba. Nikakaa mkekani nikala andazi. Sikumsahau, na hilo ndilo ninalotaka mlijue. Ningependa sana kusema kwamba nilimsahau, watoto husahau. Nilimkumbuka vizuri kabisa, nikachovya andazi kwenye chai nikasema moyoni, mwache ajifunze.

Ngamia ndio walioanza. Walinyanyua vichwa wote watatu kwa pamoja, wakaelekea milimani. Kisha ikaja harufu ya udongo, na nyuma yake ngurumo ya chinichini, mawe yakibingirika na kugongana, yakitoa ile harufu ya kiberiti. Ami Khalfan aliamka kama aliyechomwa.

“Wadi inashuka! Watoto wako wapi?”

Wote walinitazama mimi, kisha wakatazama pembeni yangu. Mama akauliza Nasri yuko wapi. Nikasema sijui. Bibi akaniinamia, akaniuliza tena kwa upole, “Mama, mdogo wako umemwacha wapi?” Nikasema alikuwa kwa ngamia. Siku za wingu milimani tulikuwa tumekatazwa kuvuka, kopo lilikuwa mkobani, na nikiwaambia kweli moja zitatoka zote. Basi Baba akakimbilia kwa ngamia, upande ambao siko, na maji yakafika.

Maji ya wadi hayaji kidogo kidogo. Yalikuja ukuta mzima, mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mabati. Tulikuwa tumekimbilia mbele ya zizi, nikatazama mahali nilipomsimamisha. Ndoo ya plastiki ilipita juu yake, ikizunguka polepole. Mama alikuwa amekaa chini kwenye changarawe. Mimi nilikuwa bado na andazi mkononi. Niliyajua maneno yote, yamejipanga mdomoni, na hata moja halikutoka.

Bibi alikwenda mpaka ukingoni, maji yakilamba kanga yake, akapiga hodi. Alipiga kuelekea ng'ambo, kwa sauti ile ile ya kila Ijumaa, bila haraka. Mara tatu. Kisha akasimama akisikiliza, kichwa kimeinama upande, na mimi naapa kwamba kelele za maji zilipungua. Akanyosha kidole.

“Yule pale.”

Nasri alikuwa juu kabisa ya mteremko, penye rundo la juu, amesimama wima na kanzu yake nyeupe. Hakulia wala hakutupungia. Mkono wake mmoja alikuwa ameunyosha pembeni na kuuinua kidogo, kama mtoto anavyoshikwa mkono akivushwa barabara. Alikaa hivyo muda wote, saa nzima na zaidi, mpaka maji yaliposhuka hadi mapajani na Baba na Ami wakavuka kwa kamba. Baba alipomfikia, mkono ule ukashuka.

Walipomleta alikuwa mkavu. Hata viatu. Mama alimpapasa mwili mzima kama anayetafuta palipovunjika.

“Niliambiwa karibu,” Nasri alisema.

“Nani kakwambia, mwanangu?” Bibi alimuuliza.

Nasri alinitazama mimi, akatabasamu, akaficha uso kwenye kanga ya Bibi. Nilifumba macho nikingojea anitaje. Hakunitaja. Si siku ile, si kesho yake, si maisha yake yote. Nikaamini kwamba mdogo wangu ameniona nilivyo, na amenisitiri. Nilikua na deni hilo. Nilimpa kila kipande cha nyama kilichonona na nilimwandikia hesabu zake za skuli mpaka darasa la sita, na kila aliponishukuru niliona haya.

Ijumaa iliyofuata Bibi alinishika mkono tukavuka sisi wawili. Alikuwa amelibeba kopo langu kwapani. Sikuuliza amelijuaje. Kopo lenye mawe, hata likitandikwa pamba, husema lenyewe kila ukipanda ngazi, na mimi nilikuwa nikidhani nimeficha. Alinikalisha akaniambia nirejeshe kimoja kimoja, na kila kimoja niseme samahani, nilikuwa sijui. Nilipokuwa narejesha alisimulia, akitazama mbali, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

“Nyumba yetu ya Unguja, siku zile za mapinduzi, walingia bila hodi. N'lokuwa nao ni amiyo mkononi, na babako, mdogo, mgongoni. Tukatoka kwa mlango wa uani. Kulikuwa na saa ya ukutani, na sinia ya shaba, na viatu vyangu vya arusi n'lovivaa siku moja tu. Sasa viko kwa mtu. Huenda anavipenda, mskini, anavipangusa vumbi. Mie simlaumu alonavyo. Lakini angepiga hodi, walau.”

Nilidhani wenye vigumba anaowasema ni majini, na kwamba ananitisha tu. Nilikuwa na sababu nyingine ya kutomsikiliza: kigumba chekundu kilikuwa mdomoni mwangu, ndani ya shavu. Nilikitia humo alipokuwa akifungua kopo. Kilikuwa na ladha ya chumvi, na kilikuwa na joto.

“Vyote?” Bibi aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Alilitazama shavu langu kwa muda mrefu, kisha akafunga kopo tupu akasema twende.

Bibi alikufa nikiwa chuo. Nilipokwenda Unguja, nikiwa mtu mzima, binamu yangu alinipeleka mbele ya nyumba ile. Mlango ulikuwa wazi. Nilipiga hodi, na mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki akanikaribisha kwa ukarimu, na nyuma yake ukutani palikuwa na saa ya kizamani, inakwenda. Nikamwambia samahani, nimekosea nyumba. Njia nzima ya kurudi nililia, na ndipo nilipojua kwamba Bibi hakuwa akiogopa majini hata kidogo. Alikuwa akiwafikiria wenye vitu. Alijua ilivyo kuwa mwenye nyumba ambaye hayupo tena kuitikia.

Sasa turudi jikoni kwangu, kwenye harufu ya jabali. Jioni ile nilimpigia simu Nasri, anakaa Azaiba, akaja na binti yake mdogo aliyempa jina langu. Nilikitoa kigumba chekundu mahali nilipokificha miaka yote, nikakiweka kati ya vikombe vya kahawa, nikamwambia kila kitu. Jiwe bapa. Hodi ya huku ni kungoja. Andazi. Kwa ngamia.  Nilipomaliza nilimwomba radhi.

Alicheka.

“Dada, mbona unajisingizia?” alisema. “Wewe si ndo ulonita?”

Nikamuuliza nilimwita lini.

“Nilipiga hodi mpaka nikachoka. Kisha ukasimama pale juu penye mawe ukasema karibu. Hivi hivi, karibu, kama Bibi. Nikapanda. Ukanishika mkono. Mkono wako baridi kweli siku ile. Ukaniambia nisitazame maji, nimtazame Bibi. Ukakaa na mimi mpaka Baba alipokuja.”

“Nasri,” nilimwambia, “Baba alipovuka mimi nilikuwa ng'ambo. Watu wote waliniona.”

 Binti yake alikuwa amekwisha kukichukua kigumba, anakigeuzageuza kwenye taa.

“Wallahi sijui,” alisema. “Lakini sauti yako n'naijua.” Kisha akaniambia jambo ambalo hajapata kunambia, kwamba katika dunia hii hakuna mtu aliyepata kujiona salama naye kama alivyojiona na mimi siku ile, na ndiyo maana ya jina la mtoto. Akamnyang'anya mwanawe kigumba, akanirudishia, akamaliza kahawa yake.

Nimelala macho siku nyingi kwa maneno hayo. Kumbe hakuwa amenisitiri yeye. Yule niliyemwibia, kumi na saba na kimoja, ndiye aliyemwitikia mtoto niliyemtupa, na akaazima sauti yangu ili mtoto asijue kwamba ametupwa. Sijui ni nani. Sijui kama ni mkubwa au mdogo, ila Nasri anasema mkono uliomshika ulikuwa mdogo, kama wangu wa siku zile.

Mteremko ule bado upo. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu, nyuma ya nyumba za mwisho, umezungushiwa waya na kibao kinachosema ni mahali pa kale pasiguswe. Juzi baada ya alasiri nilikwenda peke yangu. Nilipitisha mkono kwenye waya nikakilaza kigumba chekundu juu ya changarawe, nikasema samahani, na safari hii sikuweza kusema nilikuwa sijui. Halafu nikaona si adabu kuondoka hivyo.

Nilipiga hodi, nikangoja. Mashine ya jirani ilikuwa imenyamaza, upepo hakuna. Nikapiga ya pili. Ya tatu ilinifika mdomoni nikaimeza, nikageuka, nikarudi nyumbani bila kutazama nyuma. Nilijua kwamba nikiipiga nitaitikiwa, na nitaitikiwa kwa sauti hii hii ninayosema nayo na ninyi.